Nani Mgeni Thimlich?

Siku tuliyomzika babu, mzee mmoja wa kijiji alishika kipaza sauti na kumsifu marehemu kwa dakika kumi nzima. Alikuwa mchapakazi, hakuwahi kugombana na mtu, ng'ombe wake hawakuwahi kuingia shamba la jirani. Kisha, kabla ya kuketi, akaongeza sentensi moja kwa Kidholuo, kwa upole kabisa. Watu wakainamisha vichwa.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Nimelelewa Nairobi, Umoja, na Kidholuo changu ni cha kusalimia na kuomba chakula. Nikamuuliza binamu yangu, "Amesema nini?"

"Amesema tusisahau tulikaribishwa hapa," akaninong'oneza. "Sisi ni jodak."

Jadak kwa mmoja, jodak kwa wengi. Neno lenyewe linatokana na kitenzi cha kawaida tu, kuishi, kukaa mahali. Lakini kwa Waluo jadak ni yule anayekaa kwenye ardhi ya ukoo usio wake, kwa hisani ya wenyewe. Anaweza kulima, kujenga, kuzaa na kuzeeka hapo, ila kuna mtu mahali fulani anayeshika hesabu. Babu wa babu yangu ndiye aliyeomba mahali pa kukaa, upande wa Ndhiwa. Vizazi vilikuwa vimepita, na bado hesabu ilisomwa mbele ya jeneza.

Ndiyo maana Agosti iliyopita, binamu yangu huyo huyo aliponipigia simu na kusema, "Twende tuzunguke nyumbani kama watalii, Probox ipo, wewe leta mafuta," sikujiuliza mara mbili. Na ndiyo maana pia baba mdogo alipopata habari aliandika kwenye grupu ya familia ya WhatsApp: "Mkifika Thimlich pigeni picha mingi. Waliojenga hizo kuta ni watu wetu. Hiyo ndiyo ushahidi." Akaweka na ngumi tatu.

Kwa hiyo hatukwenda kama watalii tu. Tulitumwa.

Ukitoka Nairobi kupitia Narok na Bomet, unafika Kisii ukiwa umechoka na milima imekuzungusha kichwa. Baada ya hapo barabara inateremka. Migomba inapungua, Rongo inapita, kisha miwa ya Awendo inakushika pande zote mbili, na jioni unaingia Migori.

Migori ni mji wa mpakani hata kama mpaka wenyewe uko mbele, Isebania. Utasikia Kidholuo, Kikuria, Kisomali, Ekegusii na Kiluhya kwenye mtaa mmoja, na wote wakitaka kuuziana kitu wanarudi kwa Kiswahili, chenye lafudhi inayoegemea Tanzania. Dhahabu imewaleta watu hapa tangu enzi za ukoloni. Huko Macalder, Nyatike, kulikuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu na shaba. Kampuni iliondoka, mashimo yakabaki, na leo vijana wanashuka humo kwa kamba, juu yao wengine wakisafisha mchanga kwa zebaki mikono mitupu. Mwenye hoteli tuliyolala alituambia kwamba Migori hakuna anayekuuliza umetoka ukoo gani, unaulizwa una pesa ngapi. Binamu yangu alicheka. Mimi niliona ni mji wenye ustaarabu wake.

Asubuhi tukashika barabara ya vumbi. Thimlich Ohinga iko kilomita 46 hivi kaskazini magharibi mwa Migori, na ukifika unaelewa jina lake kabla hujatafsiriwa. Thim ni pori. Lich ni kitu cha kutisha. Ohinga ni ngome, mahali pa kukimbilia. Kuna kilima kifupi, miti iliyosongamana, halafu ghafla, katikati ya majani, ukuta.

Sijui nilitarajia nini. Labda kitu cha kukaa kwenye noti. Nilichoona ni mawe. Mawe ya kawaida ya shambani, yasiyochongwa, ya kila umbo, yamepangwa bila saruji, bila chokaa, bila hata udongo wa kushikisha. Kuta zina unene wa takriban mita moja na urefu wa kati ya mita 1.5 na 4.5, na zinapinda kama nyoka. Kupinda huko si urembo, kunausaidia ukuta kusimama. Kwa ndani kuna siri nyingine: ukuta una tabaka la nje, tabaka la ndani, na katikati mawe madogo yanayoyashika yale makubwa. Kila jiwe linabebwa na jirani yake.

Malango ni madogo makusudi. Unainama, unaingia kichwa mbele, na kama ndani kuna mtu mwenye mkuki na nia mbaya, wewe umekwisha. Juu ya lango kuna mawe marefu ya kubeba uzito, na pembeni vijumba vya walinzi. Ng'ombe walilazwa katikati, nyumba zikazunguka. Kuna mahali walipofua chuma. Kuna jiwe limechimbwa vishimo vya bao, mchezo ambao Waluo wanauita ajua, na hilo ndilo lililonisimamisha. Ulinzi wote ule, simba, wezi wa mifugo, majirani wenye uhasama, na bado mtu alipata mchana mzima wa kutoboa jiwe ili acheze.

UNESCO iliuweka mji huu wa mawe kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Inaaminika ulijengwa karne ya 16. Na hauko peke yake: watafiti wamehesabu zaidi ya maboma 500 ya aina hii katika eneo zima la ziwa upande wa kusini. Thimlich ndiyo kubwa na iliyohifadhika vizuri zaidi.

Nikamuuliza kiongozi wetu swali nililotumwa nalo. "Nani alijenga?"

Alikuwa ameulizwa mara elfu, ungeona usoni. "Wewe unataka jibu la kitabu ama la nyumbani?"

"Yote."

"Ya nyumbani, kila mtu anakuja hapa anasema ni watu wake. Ya kitabu, walikuja watu, wakajenga. Wakaenda. Wakaja wengine, wakakuta kuta, wakarekebisha, wakaishi. Wakaenda. Wakaja wengine."

Akatuonyesha maboma manne makubwa: Kochieng, Koketch, Koluoch, Kakuku. Kama unajua Kidholuo kidogo tu, kama mimi, utaisikia ile "ko" na "ka" mwanzoni: kwa Ochieng, kwa Oketch. Ni majina ya watu walioishi humo, ya mwenye nyumba. Jina la aliyeweka jiwe la kwanza halimo.

Wanahistoria wamelijadili hili kwa muda mrefu. Mwaka 1965 Neville Chittick, mwanaakiolojia anayejulikana zaidi kwa kuchimba Kilwa, aliandika maelezo mafupi kuhusu maboma ya South Nyanza. Miaka miwili baadaye Bethwell Ogot akatoa kitabu chake cha historia ya Waluo wa kusini, akithibitisha kwamba masimulizi ya wazee yanaweza kubeba historia ya karne nyingi. Katika picha inayojitokeza, watu wa lugha za Kibantu walikuwa hapa kabla ya koo nyingi za Waluo kufika. Wengine waliondoka kuelekea kusini na mashariki, wengine walibaki wakawa Waluo. Mawe yakabaki palepale, yakibadilisha wapangaji. Na yamesimama hadi leo kwa sababu kila kundi jipya lilifanya ukarabati. Ukuta wa mawe makavu hauwezi kuachwa. Mvua moja kubwa, mti mmoja ukianguka, ng'ombe mmoja akijikuna, pengo linafunguka. Asiyeziba pengo mwaka huu hana ukuta baada ya kizazi kimoja.

Nilikaa chini ya mti nikawaza cha kumwambia baba mdogo.

Sitaki kusema swali lake ni la kijinga. Kule Great Zimbabwe, walowezi wa Kizungu walidai kwa miaka mingi kwamba kuta zile zilijengwa na Wafoinike, au Malkia wa Sheba, mtu yeyote ilmradi asiwe Mwafrika. Randall-MacIver mwaka 1905, na Gertrude Caton-Thompson mwaka 1929, walionyesha kwamba ni kazi ya Waafrika, na bado serikali ya Rhodesia ikaendelea kuvuruga ukweli huo. Anayemiliki jibu la "nani alijenga" anaweza kumiliki ardhi. Baba mdogo anajua hivyo bila kusoma kitabu chochote. Yule mzee wa mazishi pia anajua.

Ila Thimlich ilinionyesha kwamba silaha hiyo ina ncha mbili. Tukisema ardhi ni ya aliyefika kwanza, basi karibu koo zote za Migori na Homa Bay zifungashe virago, pamoja na ule uliotukaribisha sisi.

Swali langu likabadilika: kama watu walikuwa wanapokezana hivi, hesabu ya jadak ilianza kuwa kali lini?

Sehemu ya jibu iko kwenye sababu ya watu kuacha ohinga. Mwanzoni mwa karne ya 20 Waingereza walifika ufuo wa Karungu, wakaleta kodi ya nyumba, machifu na askari. Uvamizi ukapungua, watu wakaanza kutoka ndani ya kuta na kujenga boma moja moja, kila mtu kwenye shamba lake, uzio ukiwa wa mnyaa badala ya mawe. Kufikia katikati ya karne hiyo Thimlich ilikuwa imebaki tupu. Ndani ya ohinga, mgeni alikuwa mkono wa ziada wa kubeba mawe na kukesha langoni. Nje ya ohinga, mgeni akawa ekari mbili.

Kisha ikaja karatasi. Baada ya uhuru serikali iliendelea kupima ardhi na kutoa hati, na Sheria ya Uamuzi wa Ardhi ikapitishwa mwaka 1968. Kabla ya hapo, jadak aliyekaa vizuri, akaoa hapo, akazika watoto hapo, taratibu aliyeyuka ndani ya ukoo. Wajukuu wake wangesahau, na wenyeji wangesahau pia. Siku wapimaji walipokuja na mnyororo wao, kusahau kukakoma. Ilibidi mtu asimame na kusema hii ni yangu, na yule ni mgeni wangu. Waliokuwa na bahati au ujasiri waliandikishwa. Wengine wakabaki kwenye hisani. Babu yangu, ambaye hakuwahi kugombana na mtu, hakugombana na wapimaji pia.

Tuliondoka Thimlich mchana, tukapita Ndhiwa bila kusimama, kwa makubaliano kwamba tutalala nyumbani usiku wa mwisho. Hii ndiyo nchi ya Kanyamwa, alikozaliwa Gor Mahia, mganga ambaye jina lake lilipewa klabu ya mpira mwaka 1968. Binamu yangu akapiga honi kwa heshima.

Kesho yake, kutoka Homa Bay mjini, tuliingia bonde la Lambwe. Nakuomba siku moja ufike. Upande mmoja unasimama ukingo wa Kanyamwa, upande wa pili vilima vya Gembe na milima ya Gwassi, mabaki ya volkano ya kale iitwayo Kisingiri. Katikati nyasi zinafika kifuani. Hapo ndipo Mbuga ya Taifa ya Ruma ilipo, kilomita za mraba 120, na humo wanaishi korongo wa mwisho wa Kenya, wale swala wakubwa wenye uso wa barakoa nyeusi na nyeupe ambao Waluo wanawaita omoro. Tulimwona mmoja. Alitutazama kama sisi ndio wa kuhesabiwa.

Bonde zuri hivi, ukiuliza kwa nini halikujaa watu, jibu ni mbung'o. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua zaidi ya watu 200,000 upande wa Uganda, na pwani hii ya ziwa nayo ikaumia. Lambwe likawa jina la kuogopwa. Serikali zikafyeka vichaka, zikapanga watu upya, na mwaka 1966 sehemu ya bonde ikawa hifadhi ya wanyama, ikapandishwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983. Kuta za ohinga zingeweza kumzuia simba. Mdudu haombi lango. Na hapa pia, ardhi inayoonekana kama "pori" ni ardhi ambayo watu waliondoka.

Tukavuka hadi Rusinga. Kisiwa hiki kinadhihaki hesabu zetu zote za nani alitangulia. Mwaka 1948 Mary Leakey aliokota hapa fuvu la Proconsul, kiumbe jamii ya nyani aliyeishi yapata miaka milioni 18 iliyopita, akahifadhiwa na majivu ya Kisingiri ile ile. Mita chache za historia juu yake amelala Tom Mboya, katika kaburi lenye umbo la risasi. Mboya alikuwa Msuba wa Rusinga aliyezaliwa mwaka 1930 kwenye shamba la mkonge Kilima Mbogo, mbali kabisa na ziwa. Akachaguliwa na watu wa Nairobi, akauawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969, akarudishwa kuzikwa hapa. Mgeni wapi, mwenyeji wapi? Sisi Wakenya huwa tunaacha jibu litolewe na kaburi. Kumbuka S. M. Otieno, wakili aliyefariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, na ukoo wake wa Umira Kager walibishana mahakamani miezi mitano kuhusu mahali pa kumlaza. Ukoo ukashinda, akazikwa Nyalgunga, Siaya. Nchi nzima ilikuwa inasikiliza swali lile lile: mtu ni wa wapi?

Kutoka Mbita unapanda boti hadi Mfangano. Huko nilikuwa na sababu yangu mwenyewe. Dani, nyanya yangu, mama wa baba, alizaliwa Mfangano. Yeye ni Msuba. Masimulizi yanasema Abasuba walikuja kwa mitumbwi kutoka Buganda na Busoga, wengine wakikimbia vita vya kurithi kiti cha Kabaka mwishoni mwa karne ya 18. Walipofika walikuta ishara za wengine: katika mapango ya Mawanga na Kwitone kuna michoro ya miduara, nyekundu na nyeupe, inayoaminika kuwa ya wawindaji wa kale wanaohusishwa na Batwa. Abasuba hawakuifuta. Waliipa heshima, wakaenda hapo kuomba mvua. Nilisimama chini ya miduara ile nikafikiria kiongozi wa Thimlich. Wakaja wengine.

Lakini usinielewe vibaya kwamba hii ni hadithi tamu ya kukaribishana. Kukaribishwa kuna bei. Abasuba walioa na kuolewa na Waluo, wakafanya biashara nao, watoto wakasoma shule za Kidholuo, na leo lugha ya Olusuba iko hatarini kutoweka. Kwenye kisiwa chenyewe niliwasikia watoto wakicheza kwa Kidholuo. Hivyo ndivyo jadak anavyosamehewa deni lake: analipa kwa ulimi.

Usiku wa mwisho tulifika nyumbani. Dani alikuwa anatungoja na samaki na kuon na kelele nyingi kuhusu wembamba wangu. Baada ya kula nikamwonyesha picha za Mfangano kwenye simu. Alizitazama moja moja, karibu sana na macho. Nikamuuliza kama bado anazungumza Olusuba.

"Na nani?" akasema.

Sikuwa na jibu. Nikamuuliza lile jingine, lililonitoka tangu nikiwa na miaka kumi na minne. "Dani, siku ile ya mazishi, yule mzee aliposema sisi ni jodak. Uliumia?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Nyathina, mimi nilikuja hapa msichana. Sikuwa na mtu, sikuwa na lugha. Hakuna mtu aliniita jadak. Walinipa jembe. Hii nyumba nimekandika kila mwaka tangu hiyo siku. Huyo mzee ukuta wake nani anakandika? Ni bibi yake, na bibi yake ametoka Gwassi."

Binamu yangu akapiga makofi. Mimi nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka kitu kingine. Mwaka juzi nilipouliza kuhusu hati ya shamba, baba mdogo aliniambia niachie wavulana, mimi ni wa kuolewa. Yule yule anayelia kwamba tunaitwa wageni.

Asubuhi, kabla hatujaondoka, nikafungua grupu ya familia. Nilikuwa na picha zaidi ya mia mbili za Thimlich. Nikachagua moja: mahali ambapo ukuta uliporomoka na Makumbusho ya Taifa yakaujenga upya. Ukiangalia vizuri unaona mawe mapya, rangi nyepesi kidogo, yamekaa juu ya yale yenye kuvu. Chini yake nikaandika: "Baba mdogo, waliojenga hawajulikani. Hii sehemu imerekebishwa juzi. Na ile hati, nitakuja Desemba tuongee, mimi na wewe na Dani."

Alama zikageuka buluu. Hakujibu. Dani alikuwa nyuma ya nyumba, amejaza ndoo udongo, ananiita nimsaidie kubeba.